Kabla hujampa diwani kura, muulize kuhusu kiwanja

Uchaguzi wa madiwani ukikaribia wagombea wote wanaimba wimbo mmoja, maendeleo, usafi, usalama, vijana, na we unabaki unaangalia mabango yanayofanana mpaka tabasamu. Sasa ntakupa kitu kimoja cha kuwatofautisha na kwenye bango hukioni kabisa: huyu mtu anataka nini kijengwe wapi. Yaani sheria za zoni, zile zinazosema huku ni makazi tu, huku biashara, kule viwanda, hapa mwisho ghorofa mbili, pale kila fleti lazima iwe na pakingi mbili. Zinachosha kusoma, nakubali. Lakini ndo zinazogusa kodi ya nyumba unayolipa, ndo zinaamua kama mtoto ataenda shule kwa miguu au kwa gari, ndo zinaamua kama karakana ya kuchomelea vyuma inaweza kufunguliwa nyuma ya ukuta wako. Na kwenye miji mingi anayepiga kura ya kuzibadilisha sio rais wala mbunge, ni diwani, yule ambaye nusu ya mtaa hata jina lake hawalijui.

Mi nimelijua hili kwa kuchelewa. Kuna jamaa nilimpigia kura kwa sababu kila akipanda jukwaani ni nyumba za bei nafuu, nyumba za bei nafuu, na mi nilikuwa napanga na kodi imenikaba koo, nikasema huyu ndo wangu. Akashinda. Miaka yake yote ofisini kila mradi wa fleti ulipofika mezani alikuwa na sentensi moja tu, "naunga mkono nyumba, ila sio hapa." Hapa hapana kwa sababu ya foleni, pale hapana kwa sababu ya mti, kule hapana kwa sababu jengo litatupa kivuli kwenye bustani ya mtu. Ukizijumlisha zile hapana zote unakuta mji mzima hakuna mahali alipopakubali. Na hakuwahi kunidanganya hata siku moja, mi ndo sikumuuliza swali la pili.

Anza na wewe mwenyewe

Kabla hujaanza kuwachambua wagombea jichambue kwanza, maana hapa hamna jibu moja la watu wote. Anayepanga na mwenye nyumba hawaoni kitu kimoja wakiangalia ghorofa jipya, mwenye duka na mzee anayetaka kulala mchana nao hawafanani. Chukua karatasi uandike mambo matatu: nini ungependa kiruhusiwe karibu na kwako, nini hutaki kabisa, na nini uko tayari kuvumilia ili upate hicho cha kwanza. Hilo la tatu ndo gumu na ndo watu wanaliruka. Unataka basi lipite kila dakika kumi? Basi halipiti kila dakika kumi mahali penye nyumba tano, linahitaji watu. Unataka duka la karibu? Magari ya kushusha mizigo alfajiri yanakuja nalo.

Inasaidia pia kujua hizi sheria zimetoka wapi. Marekani kwa mfano New York ilipitisha sheria ya zoni ya mji mzima mwaka 1916, halafu 1926 Mahakama ya Juu ikasema kwenye kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, kwamba ni halali mji kutenganisha makazi na viwanda na hata nyumba za familia moja na fleti. Wazo lenyewe sio baya, nani anataka moshi wa kiwanda chumbani. Lakini mahakama hiyohiyo mwaka 1917 ilikuwa imeshapiga marufuku, kwenye kesi ya mji wa Louisville, sheria zilizokuwa zinawagawia watu mitaa kwa rangi ya ngozi, na ukishanyang'anywa kisu hicho unatafuta kingine: ukisema kiwanja lazima kiwe kikubwa na kibebe nyumba moja tu, asiye na hela anajichuja mwenyewe bila we kutaja rangi ya mtu. Ndo maana mgombea akiniambia anataka "kulinda hadhi ya mtaa" simwoni mbaya moja kwa moja, ila namuuliza hadhi hiyo inalindwa isiharibiwe na nani.

Jua diwani ana nguvu gani hapo ulipo

Hii watu wanaikosea sana, wanamuuliza mtu kuhusu jambo asiloweza kulifanya halafu anajibu vizuri kwa sababu hamna atakayemdai. Kwa kawaida maamuzi yako ya aina tatu. Kuna kubadilisha maneno ya sheria yenyewe, mfano kuondoa sharti la pakingi mji mzima. Kuna kubadilisha ramani, yaani kiwanja fulani au eneo fulani litoke makazi liwe biashara, wengine wanaita kubadilisha matumizi. Na kuna ruhusa ndogondogo za kipekee, mtu anaomba asogeze ukuta nusu mita kuliko sheria inavyotaka. Mara nyingi mbili za kwanza zinaenda kwa madiwani na hii ya tatu inaishia kwenye bodi au kwa maofisa, kwa hiyo mgombea anayekuahidi kwamba jirani yako atamzuia asijenge kibanda chake anauza mali isiyo yake.

Halafu nchi zinatofautiana mno. Japani serikali kuu ndo imetunga aina za zoni, sasa hivi ziko 13, kazi ya mji ni kuamua ipi ipakwe wapi kwenye ramani. England hawana zoni kwa maana hii, tangu sheria yao ya mwaka 1947 ukitaka kujenga unaomba kibali, na maombi makubwa au yenye ubishi yanaishia kwenye kamati ya madiwani. Jimbo la Oregon, Marekani, mwaka 2019 lilipitisha sheria kwamba miji yenye watu zaidi ya 10,000 lazima iruhusu nyumba pacha, yaani makazi mawili kwenye kiwanja kimoja, popote inaporuhusiwa nyumba ya familia moja. Maana yake mgombea wa kule akisema atapiga marufuku nyumba pacha kwenye mtaa wenu ama hajui sheria ama anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na sijui kipi kibaya zaidi.

Kujua kwako ikoje piga simu tu au nenda ofisi ya mipango miji uulize mambo mawili, sheria ya zoni inabadilishwa na nani, na mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Hawa watu wa kaunta huwa wanafurahi kupata mtu anayeuliza bila kufoka.

Kiwanja kimoja, hesabu moja

Hapa naomba uvumilie kidogo maana ukishaielewa hii hesabu hamna mgombea atakayekuzungusha tena. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, mita za mraba 600. Sheria inasema uache mita 6 mbele, mita 5 nyuma, na mita 3 kila upande. Toa pande, 20 inabaki 14. Toa mbele na nyuma, 30 inabaki 19. Kwa hiyo jengo lina mita 14 kwa 19, mita za mraba 266 kwa kila ghorofa. Ghorofa tatu zinaruhusiwa, kila fleti pamoja na sehemu yake ya ngazi na korido inakula kama mita 80, unapata fleti tatu kila ghorofa, jumla tisa. Safi, familia tisa zimepata pa kuishi.

Sasa soma kipengele cha pakingi ambacho kimeandikwa mwishoni kabisa kama kitu kidogo: kila fleti magari mawili. Fleti tisa, magari 18. Gari moja ukihesabu na nafasi ya kuingia na kugeuza linataka kama mita za mraba 25 mpaka 30. Kwa hiyo unahitaji angalau mita 450, na kiwanja kilichobaki nje ya jengo ni mita 334 tu, tena sehemu kubwa ni vichochoro vya mita tatu ubavuni ambako gari likiingia halitoki. Ama uchimbe pakingi chini ya ardhi, ambayo ni ghali na wapangaji ndo watakaoilipia, ama upunguze fleti mpaka nne au tano. Au mwenye kiwanja anaona haimlipi, anajenga jumba moja la kifahari na anaondoka zake.

Umeona? Hakuna aliyepiga marufuku fleti. Ramani inasema ruksa, diwani anaweza kusimama jukwaani akasema mji wetu unaruhusu fleti na ni kweli kabisa, ila namba moja ya pakingi imezifuta. Ndo maana mgombea akisema anaunga mkono nyumba mi namuuliza namba: pakingi ngapi, mita ngapi za kuacha, ghorofa ngapi, kiwanja kidogo kabisa kiwe ukubwa gani. Hata Houston, mji wa Marekani ambao wapiga kura wake wamekataa zoni mara tatu, 1948, 1962 na 1993, ulikuwa na namba ya ukubwa wa kiwanja, na walipoipunguza mwaka 1998 kwenye maeneo ya ndani ya mji ndo zile nyumba nyembamba za ghorofa zikaanza kuota kila kona.

Kumuuliza bila kumpa mlango wa kutokea

Ukimuuliza mtu "una msimamo gani kuhusu zoni" atakupa hotuba. Ukimuuliza kuhusu mradi fulani ambao maombi yake yako mezani sasa hivi anaweza akakataa kujibu, na hapo usimhukumu haraka, kwa sababu sehemu nyingi diwani akiamua ombi la mtu mmoja anakaa kama hakimu hivi, akishatangaza uamuzi kabla ya kusikiliza pande zote uamuzi wenyewe unaweza kupingwa mahakamani. Hiyo sio kukwepa, tena mi naona anayekataa kwa sababu hiyo na akaeleza kwa nini ameonyesha kwamba kazi anaijua.

Njia nzuri ni kiwanja cha kufikirika. Mwambie hivi: kuna kiwanja cha kona kwenye mtaa wa nyumba za familia moja, mita 200 kutoka kituo cha basi, mwenyewe anataka kubomoa aweke fleti sita na kaduka chini, sheria ya sasa inakataa. We ungebadilisha sheria? Halafu nyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu, mtu akikaa kimya we usimsaidie sentensi.

Akisema ndiyo muulize majirani watakaojaa ukumbini kupinga atawaambia nini, maana watakuja, na wenye muda wa kukaa kikaoni saa tatu siku ya kazi mara nyingi ni wastaafu na wenye nyumba zao, sio mama anayetoka shifti ya usiku wala huyo mpangaji ambaye angeishi pale lakini bado hajahamia. Akisema hapana muulize hao watu wa fleti sita waende wapi, na ataje sehemu. Akisema "itategemea" muulize itategemea nini, akitaja vitu viwili vinavyopimika, mfano maji taka na upana wa barabara, basi hiyo ni hapana au ndiyo yenye masharti na unaweza kumfuatilia. Akisema itategemea maoni ya wananchi, basi atakaa upande wa atakayepiga kelele zaidi siku hiyo.

Swali lingine ninalolipenda ni hili, taja sheria moja ya zoni kwenye mji huu ambayo ungeifuta kesho. Ndiyo, anaweza kukosa jibu, sio kila mtu ni mtaalamu, lakini mtu anayegombea miaka mingapi sijui ya kukaa kwenye hicho kiti angalau awe ameshakutana na moja iliyomkera.

Kura zake za nyuma

Kama anagombea kutetea kiti maneno yake yaweke pembeni, tafuta kumbukumbu za vikao. Baraza nyingi zinaweka ajenda na kura kwenye tovuti, nyingine zina mpaka video, na ukitafuta maneno kama kubadilisha matumizi, kibali, pakingi, utapata vikao vinne vitano vya kutosha. Andika jina, tarehe, alipigaje.

Ila usiishie kwenye kura ya mwisho. Wakati mwingine mtu anaichinja sheria kwenye marekebisho halafu mwishoni anapiga ndiyo ili aonekane mtu wa maendeleo. Baraza la New York mwezi Desemba 2024 lilipitisha mabadiliko makubwa ya zoni za nyumba kwa kura 31 kwa 20. Hizo namba peke yake zinakupa orodha ya nani alikuwa wapi, lakini kabla ya kura sehemu ya pakingi ilishapunguzwa makali, maeneo mengine sharti likafutwa na mengine likabakishwa, kwa hiyo ukitaka kumjua diwani wa kule unauliza pia nani alisukuma lipi lilainishwe. Ikiwa kura ni ya upande mmoja, kama mji wa Minneapolis, Marekani, mwaka 2018 walipopitisha mpango wao wa kuruhusu mpaka nyumba tatu kwenye kiwanja cha familia moja kwa kura 12 kwa 1, hapo kura yenyewe haikutofautishii watu, unasoma walichosema.

Mgombea mpya hana kura lakini ana nyayo. Aliwahi kuandika barua ya kupinga mradi? Aliongoza chama cha wakazi kilichopinga au kutetea nini? Alikuwa anahudhuria vikao kabla hajatamani kiti? Uliza majirani zake, watu wanakumbuka.

Pesa, na nani ana sauti ya mwisho

Kubadilisha matumizi ya kiwanja kunaweza kuongeza thamani yake mara dufu kwa kunyanyua mikono tu ukumbini, kwa hiyo rushwa kukaa hapo sio ajabu. Los Angeles, José Huizar, diwani aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mipango na matumizi ya ardhi, alikiri makosa Januari 2023 na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 13 jela, kwa kuchukua hela na zawadi kutoka kwa madevelopa, yaani wenye kampuni za kujenga na kuuza majengo, waliokuwa wanataka miradi yao ipite. Angalia wachangiaji wa kampeni kama wanatangazwa kwenu, na angalia mgombea mwenyewe au nduguze wana viwanja wapi. Lakini usifanye kosa la kudhani kila aliyechangiwa na developa amenunuliwa na kila aliyechangiwa na chama cha wenye nyumba ni msafi, wote wawili wana mali ya kulinda. Ninachoangalia mi ni kama mchangiaji ana ombi lililo mezani au linalokuja.

Na angalia desturi ya baraza lenu. Chicago kwa miaka mingi diwani wa wadi ndo alikuwa na neno la mwisho kwenye zoni za wadi yake, wenzake wanafuata tu. Mji wenye desturi ya namna hii, diwani mmoja ni kama chifu wa viwanja, na hapo msimamo wake una uzito kuliko ilani ya chama chake chote. Muulize mgombea kama akiingia ataifuata.

Usidai miujiza

Mgombea anayesema akibadilisha zoni kodi ya nyumba itashuka mwaka ujao nae mwogope. Auckland, New Zealand, mwaka 2016 walifungulia ujenzi mnene zaidi kwenye takriban robo tatu ya ardhi yao ya makazi na vibali vya ujenzi vikapanda sana miaka iliyofuata, lakini ni miaka, sio miezi, na riba za benki, bei ya saruji, mabomba ya maji taka, vyote vina neno lao. Diwani anaweza kufungua mlango, kuingia ndani ni kazi ya wengine. Kwa hiyo muulize pia kuhusu maji taka, shule na barabara, na kama jibu lake ni "mpaka hivyo vikamilike ndo tujenge" muulize bajeti ya hivyo iko wapi, kwa sababu hiyo nayo ni njia ya kistaarabu ya kusema kamwe.

Ukimaliza yote haya mara nyingi hutapata mgombea anayelingana na karatasi yako. Mi nachukua yale mambo matatu niliyoandika, naliwekea nyota jambo moja tu, lile ambalo baraza litalipigia kura kipindi hiki, na nawapima kwa hilo.

Uchaguzi uliopita nilimuuliza mama mmoja mgombea swali la kiwanja cha kona baada ya mkutano, watu wanaondoka, viti vinakusanywa. Akaniambia, "Kaka, sijui sheria ya sasa inasemaje hapo, nipe siku mbili." Nikasema moyoni haya, wa kawaida hawa. Siku ya pili jioni simu ikaita, kasoma kifungu, kanitajia mpaka namba ya pakingi, na akasema fleti sita hapana, angekubali nne, na duka sawa. Mi nilitaka sita. Nikamwandika kwenye daftari, nne na duka, na tarehe, nikampa kura yangu. Kikao cha kwanza cha marekebisho ya pakingi kilipoitishwa nikaenda na daftari langu nikakaa mstari wa pili, akanikuta pale, akacheka, akasema "nne, nakumbuka."